Tairi Lililokaa Kiti cha Mbele

Jangwa la La Posa,
Quartzsite, Arizona.
17 Januari

Mpendwa dada Ardis,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye vumbi. Hujambo? Magoti yanasemaje na baridi ya Duluth? Redio ya jirani ilitangaza kwamba ziwa limeganda mpaka mbali na watu wa huko wameambiwa wasitoke. Nikakuona kabisa, umekaa karibu na piano yako, umevaa soksi mbili mbili, unamsema mzoa theluji kwa kuchelewa. Tafadhali usishuke zile ngazi za nje peke yako. Mlipe mtu akuletee maziwa.

Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, presha iko pale pale ilipokuwa. Kwa mengine sitakudanganya, maana wewe ndiye uliyenisuka nywele tangu mdogo na unanijua nikicheka kwa meno tu. Nina upweke, dada. Nimeuandika mapema ili tusizungukezunguke.

Kadi yako ya Krismasi ilifika ikiwa imechakaa kwa safari. Chini ya picha ya kanisa uliandika swali moja, kama kawaida yako: nitazurura mpaka lini. Sikukujibu kwa sababu jibu halikuwa mkononi mwangu. Lilikuwa mkononi mwa watu wa tairi, na wao wamenijibu wiki hii.

Ngoja nianzie mbali kidogo, usije ukasema Lavonne anarukaruka kama panzi.

Tulipomzika mume wangu Orrin mwezi wa Machi, wewe ulizuiwa na barafu na sina kinyongo, nilikwenda kuegesha trela letu, ile nyumba ya magurudumu, uani kwa mwanangu Darrel kule Omaha. Nikakaa hapo majira yote ya joto. Darrel na mkewe walinibembeleza niliuze, nihamie chumba chao cha chini. Ni chumba kizuri. Kina zulia, kina bafu lake, na kina dirisha moja lililo usawa wa nyasi, ukichungulia unaona miguu ya watu na mbwa wa jirani. Nililala humo usiku mmoja nikajihisi nimezikwa kabla ya zamu yangu. Nikawaambia nipeni msimu mmoja zaidi wa jangwani, kisha tutaongea.

Wewe hujawahi kulala kwenye trela letu, kwa hiyo nikueleze lilivyo. Upande wa kushoto kuna jiko, friji na makabati yangu. Upande wa kulia kuna mlango, na chini yake kuna vichumba vya mizigo vinavyofunguliwa kwa nje, ambavyo Orrin aliviita karakana yake. Wanandoa wote wanaoishi maisha haya wako hivyo. Kuna upande wa baba na upande wa mama, na mtu hagusi upande wa mwenzake bila ruhusa. Ukiishi na mume kwenye nyumba yenye upana wa korido, utaelewa kwa nini.

Kabla hajafa, Orrin aliagiza vifaa vyake vyote apewe Darrel, na mawe yake, ile misumeno ya kukatia mawe na mashine ya kuyasugulia vipelekwe kwa wenzake wa chama cha waokota mawe. Nilifanya alivyotaka. Karakana ikabaki tupu, imefagiliwa. Kisha mwezi wa Oktoba nikaenda Sioux Falls kulifunga lile ghala tulilopanga miaka yote, nikachukua vilivyobaki: cherehani ya chuma ya Mama, sahani zake, mablanketi ya viraka, vitabu, na achari za matango nilizosindika kwa Darrel. Vyote nilivipanga upande wangu. Nikasukuma, nikabana, nikafunga milango ya makabati kwa goti. Halafu nikaondoka peke yangu kuja huku kusini.

Tairi lilipasuka baada ya kupita Phoenix, karibu na Tonopah, jua la mchana likiwa kichwani. La nyuma, kushoto. Wewe hujasikia tairi la trela likipasuka. Si kama pancha ya gari dogo inayopumua taratibu. Ni mlipuko, halafu lile linyama la tairi linaanza kuchapa sakafu kutoka chini kama mtu mwenye hasira, na huwezi kusimama ghafla la sivyo unapinduka. Nilishika usukani nikasema, Orrin, Orrin, mpaka nikafika pembeni.

Niliposhuka nikakuta sakafu imechanwa juu ya gurudumu, bomba la maji limekatika, nyaya zinaning'inia. Ndani, kabati la chini limevunjika na chupa za achari zilizokuwa humo zimemwagika. Jangwa zima likanuka siki. Malori yalikuwa yakipita na kunitikisa, nami nimesimama na chupa moja iliyopona, sijui niiweke wapi. Hapo ndipo nililia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Pale kwenye jeneza watu walinisifu kwa ujasiri.

Fundi aliyekuja kunifungia spea alikuwa mtu mwema. Alitaka kulibeba tairi bovu akalitupe, lakini nikamkatalia. Orrin alikuwa na msemo kwamba ukitupa tairi lililopasuka umemuua shahidi wako. Matairi yale yalikuja na trela, hayakuwa yamezeeka wala kuwa vipara, na yalikuwa bado yako ndani ya waranti, ile dhamana ya kiwanda. Nyuma ya pikapu ninayovutia trela kulikuwa na jenereta, madumu na kuni, hapakuwa na nafasi hata ya paka. Kwa hiyo tuliliinua, mimi na fundi, tukaliweka kwenye kiti cha mbele, pembeni yangu. Nilipowasha gari, kengele ikaanza kulia kwamba abiria hajafunga mkanda. Nikalifunga mkanda.

Usinicheke, Ardis. Tangu Machi kiti kile kilikuwa kitupu na nilikuwa siwezi kutazama upande huo. Sasa kulikuwa na kitu. Kabla hatujafika Quartzsite nilishaanza kulisimulia habari za barabarani.

Kufika huku nako kukawa na aibu yake. Unajua trela linarudishwa nyuma na watu wawili: mmoja kwenye usukani, mwingine amesimama nyuma akionyesha kwa mikono. Mimi na Orrin tulikuwa na ishara zetu, mpaka ya kuniambia acha kiburi. Safari hii nilikuwa nashuka, natazama, napanda, nasogea kidogo, nashuka tena. Watu walikuwa wametoa viti nje, wananitazama kwa adabu. Mwishowe akaja bwana mmoja kunionyesha, lakini ishara zake hazikuwa zetu, nikagonga kisiki.

Madai ya waranti nilianza siku ya pili yake. Hapo ndipo nilipojua maana ya kupigwa danadana. Kiwanda cha trela kilisema matairi si yao, niwatafute waliotengeneza tairi. Waliotengeneza tairi wakasema tairi watalitazama, lakini sakafu, bomba na nyaya ni mambo ya kiwanda cha trela. Kila mmoja alinipa pole na kunipa namba ya mwenzake. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hawa walikuwa hawataki kuubeba hata huo wa usufi.

Fundi seremala aliyepita hapa aliniambia wazi kwamba bila kulipwa na kampuni nisahau matengenezo. Maana yake ni Omaha, lile dirisha la nyasi. Kila simu ilipolia nilikuwa nasikiliza kama mtu anayesubiri hukumu.

Kwenye kampuni ya tairi alinipokea msichana anayeitwa Shelby. Sauti changa, ana haraka lakini hana ukali. Aliniambia waranti imeandikwa kwa jina la Bwana Orrin Tollefson, mnunuzi wa kwanza, kwa hiyo aongee naye. Nikamwambia ametoka. Akasema atapiga kesho. Kesho yake nikamwambia tena ametoka, kaenda kuokota mawe. Sijui kwa nini, dada. Lilinitoka lenyewe, na lilikuwa tamu mdomoni. Siku aliyopiga tena nilikuwa nimesimama karibu na tairi, mkono wangu uko juu yake, nikashindwa kuendelea.

"Mwanangu," nikamwambia, "Bwana Tollefson alifariki mwezi wa Machi. Niliyebaki ni mimi."

Kisha akasema, "Pole sana, mama. Basi madai tutaendelea nayo mimi na wewe." Akanieleza kwamba mjane anaruhusiwa, nitume cheti cha kifo tu. Baada ya hapo hakuniita mteja tena. Mpaka mwisho alikuwa akiniita mama.

Nilipogeuka nikamkuta Nadine. Huyu ndiye jirani yangu, mama mmoja wa Texas mwenye mdomo kama wa kasuku na moyo wa dhahabu. Kazi yake ni kunichokoza. Aliliona tairi kwenye kiti, bado limefungwa mkanda, akaniuliza, "Shoga, hilo unalitembeza kama mume, au ndiyo umeshaolewa tena?" Kisha akasikia alichosema, akashika mdomo. Nikamwambia afadhali hili, halikoromi. Tukacheka mpaka tukakaa chini. Aliporudi kwake nikabaki na kicheko changu, hakuna wa kumpa.

Wiki iliyofuata Shelby akaomba kitu kimoja zaidi: vipimo vya uzito wa kila gurudumu, trela likiwa na mizigo kama siku ile. Huku hilo si jambo geni. Kuna mzee anaitwa Roscoe, dereva wa malori aliyestaafu, ana mizani ndogo za kuweka chini ya magurudumu, naye hupita kambini kila Januari kabla ya mkusanyiko mkubwa wa watu wa matrela. Watu hutoka na viti na kahawa kutazama jinsi wenzao walivyobeba, na utani unakuwa mwingi, hasa kwa waliobeba makreti ya bia. Sikuwa nimegusa makabati yangu, mbali na kukusanya chupa zilizovunjika, kwa hiyo nilimwambia apime tu.

Alipima upande wa kulia akatikisa kichwa, akadhani mizani zimeharibika. Akapima kushoto. Akarudi kulia. Kisha akaniomba afungue vichumba vya nje. Nilimpa funguo, nikabaki nimesimama na kikombe changu.

"Dada, mbona huku hakuna kitu?" akauliza.

"Huko ni kwa Orrin," nikamjibu.

Roscoe alikuwa akimfahamu Orrin, waliwahi kubishana juu ya jiwe moja majira mazima ya baridi. Alivua kofia, akaja karibu ili wengine wasisikie.

"Tairi halikuwa na kosa," akaniambia. "Umelibebesha nyumba nzima upande mmoja. Hamishia achari zako huku, Lavonne. Orrin hatakasirika."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, dada yangu. Nilikuwa nimepita nusu ya nchi na upande mmoja umejaa mpaka unapasuka, na upande wa pili hakuna hata soksi, kwa sababu sikuweza kuweka vitu vyangu mahali pake. Nilikuwa nampangia nafasi. Kwa akili nilijua harudi. Kwa mikono sikujua.

Jioni ile Nadine alikuja na sufuria ya maharage na wazo lake. Alisema nihamishe vitu kwanza, nimwite Roscoe apime upya, nitume vipimo hivyo vya pili. Hao wa kampuni wako mbali, watajuaje. Sitakuficha, nililifikiria wazo hilo mpaka maharage yakapoa. Sakafu ilikuwa imetoboka, nilikuwa naona mchanga kupitia chini ya sinki. Lakini madai yale yalikuwa yameandikwa kwa jina la Orrin. Yeye alikuwa mtu wa kumrudishia muuza duka senti aliyozidishiwa. Sikutaka neno la mwisho kabisa litakaloandikwa chini ya jina lake liwe la uongo. Nikatuma vipimo vya kwanza.

Shelby alipiga Jumatatu, nimekaa kwenye usukani wa pikapu. Nilimtambua kwa kupumua tu. Alisema madai yamekataliwa, uzito umezidi kiwango cha tairi, na kwamba amejaribu kunisemea kwa wakubwa wake lakini sheria ni sheria. Nikamwambia asijali, najua. Kisha akauliza jambo ambalo sidhani limo kwenye kazi yake. "Mama, una mtu hapo karibu nawe?"

Nikamwambia ninaye. Nilipokata simu nikageuka, ni tairi.

Niliingia ndani, na siku ile sikutoka tena. Niliosha vikombe safi. Nilimwandikia Darrel kwamba anaweza kuanza kuondoa boksi kule chini, kisha sikumtumia. Nilikaa kitandani upande wangu, maana mpaka leo silali katikati, nikajiambia basi, yameisha.

Sasa sikiliza watu wa huku walivyo. Asubuhi nilisikia nyundo chini ya miguu yangu. Nilitoka na gauni la kulalia nikamkuta mume wa Nadine yuko chini ya trela, Roscoe anakata bati, na bwana yule mwenye ishara mbaya za mkono anaunga nyaya. Hakuna aliyeniuliza. Bati ni la paa la kibanda cha mtu, mbao ni za meza ya zamani ya Nadine, na ukikanyaga karibu na jiko panalia kama bata. Lakini hakuna mchanga tena unaoingia, na maji yanatoka. Niliwapikia viazi na nyama ya ng'ombe, nikafungua chupa ya achari iliyopona, wakala mpaka wakalamba mfuniko.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili: naweza kuendelea kuzurura. Sakafu imepona. Ikiwa nitakwenda Omaha sasa, itakuwa ni kwa sababu ya upweke, na huo siwezi tena kuusingizia tairi.

Jana nilifungua karakana ya Orrin. Bado inanuka mafuta ya misumeno. Nilihamisha achari za makabati ya juu, nikahamisha vitabu, nikahamisha sahani za Mama moja moja zikiwa zimefungwa kwenye taulo, na kila moja nilimwomba radhi. Cherehani nilishindwa kuiinua, Nadine akanisaidia. Roscoe akapima tena. Magurudumu yote sasa yako salama, lakini kulia bado ni kwepesi kidogo. Amesema huko kuna nafasi ya mzigo wa mtu mzima na masanduku yake.

Kuna kichumba kimoja nimekiacha kitupu, Ardis. Kile cha mbele, kisichoingia vumbi. Safari hii sijakiachia Orrin.

Najua utasema wewe si mtu wa kuishi kwenye nyumba isiyo na anwani. Umelisema hilo tangu tuliponunua trela la kwanza. Lakini wanafunzi wako wa piano wamebaki wangapi? Na ngazi zile mpaka lini? Sikuombi uhamie. Mwezi wa Machi huku joto linaanza na kila mtu anafunga virago kurudi kaskazini. Nataka kupanda polepole, kupitia milimani, na sina wa kusimama nyuma akanionyesha mikono nikiegesha. Njoo kwa ndege mpaka Phoenix, nitakupokea. Ishara nitakufundisha. Wewe umeelekeza kwaya miaka yote hiyo, hutashindwa na trela moja. Na ulete vitu vizito, usinibebee magauni mawili na mswaki.

Ukikataa sitanuna. Nitakuandikia tena, na nitajua tu kwamba nilikuomba.

Nisalimie binamu Gudrun na umwambie dawa yake ya kikohozi bado ninayo. Nisalimie mchungaji, na yule mtoto wa ghorofa ya juu anayepiga piano vibaya kwa bidii. Darrel na mkewe wanakusalimu, walipiga Jumapili. Nadine hakujui lakini anasema anakupenda tayari. Mungu akulinde na barafu, akulainishie magoti, na akuamshe kila asubuhi ukiwa na sababu ya kuvaa viatu.

Mimi mdogo wako akupendaye, kama ulivyonisuka,

Lavonne

N.B. Kampuni hawakulitaka tairi, wamesema nilitupe. Bado limekaa kwenye kiti cha mbele na mkanda wake, na Nadine analiamkia kila asubuhi. Siku utakayoniambia unakuja, ndiyo siku nitakayolitoa.